Inchi Moja

Geji ya chini, kando ya barabara, ilisoma bar sita.
Geji ya juu, mdomoni mwa tangi, moja nukta mbili.
Niliandika kiganjani kwa sababu daftari lilikuwa limelowa,
nikapanda tena ngazi za mawe, mia moja na kumi na nne,
jasho likinitangulia kushuka.

Kutoka kule juu ziwa lote linaonekana,
limelala tu, kama tajiri asiyepokea simu.
Na hapa miguuni foleni ya madumu ya njano,
shilingi mia tatu kila moja,
na kina mama wa Mawe Matatu wakisema kwa sauti, nisikie:
"Ni Masunga. Si ndiye mwenye ufunguo wa valvu?
Sisi anatufungia, wa hotelini anawafungulia."

Masunga alikuwa amesimama kando,
ufunguo wake mrefu wa chuma begani
kama jembe la mtu asiye na shamba.
Hakujitetea. Alisema tu, "Mwangaluka, injinia,"
na ilikuwa saa nane mchana.

Wahenga walisema maji hufuata mkondo.
Hawakusema mkondo wenyewe hufuata nini.
Hufuata tofauti.
Kwenye bomba lililolala, geji mbili zikisoma sawa,
maji yamesimama, hata yawe na nguvu ya kupasua chuma.
Yanatembea pale tu upande wa pili unapopungukiwa.
(Hili niliwahi kumweleza mume wangu, kuhusu jambo lingine.)

Basi nikatoa. Sita, toa moja nukta mbili: nne nukta nane.
Kilima kina mita thelathini na nane kwenda juu,
na kila mita kumi hula bar moja bila kunawa mikono.
Tatu nukta nane zimeliwa na mlima.
Imebaki moja,
moja tu, ya kusuguana na kuta za bomba mita mia sita.

Moja inatosha. Nilipiga hesabu juu ya jiwe lenye moto wa jua:
kipenyo inchi nne, kama mchoro unavyosema,
urefu, msuguano, kipeuo cha pili
(maji ni bahili: ukiyataka maradufu
yanakudai tofauti mara nne),
jibu likaja, lita kumi kwa sekunde.
Ndoo ya lita ishirini: moja, mbili, imejaa.

Nikaazima ndoo ya mama Nyanzobe.
Tukahesabu foleni nzima, kama watoto wa chekechea:
moja
mbili
tatu
nne.

"Si tulisema!"

Lakini valvu ya Masunga iko kabla ya geji ya chini;
angeibana, sita isingekuwa sita.
Na mita ya barabarani inasema tano, na ndoo inasema tano:
kilichoingia ndicho kilichotoka. Hakuna mwizi wa njiani.
Limebaki bomba lenyewe.

Masunga ndiye aliyechimba.
Udongo, kokoto, mzizi, kisha plastiki ya bluu.
Nikaweka rula.
Tatu.
Robo ya upana imekosekana, na nusu ya maji imeondoka nayo;
bomba halikatwi kama mkate.

Kina mama walimtazama Masunga, halafu wakatazama pembeni.
Hakuna aliyesema samahani.
Mmoja alimpa kikombe cha maji, yale ya mia tatu.

Jioni, ofisini, nilishusha faili.
Hati ya kupokea mabomba: "Yamekaguliwa. Inchi nne."
Chini yake saini yenye mkia mrefu,
saini ya mtu anayejifunza kusaini.
Yangu. Mwaka wangu wa kwanza kazini.
Mvua ilikuwa inanyesha, dereva wa lori alikuwa na haraka,
rula ilikuwa ndani ya mkoba.

Namba za kiganjani zimeanza kufutika.
Nazinakili upya, polepole: sita; moja nukta mbili.
Halafu penye nafasi ya "chanzo cha upungufu"
naandika majina yangu, yote matatu.